Bibi Titi Mohamed na Kadi Namba 16

Ukishuka mwendokasi kituo cha DIT, barabara inayokatiza pale inaitwa Bibi Titi Mohamed. Wanafunzi wa DIT wanaivuka kila asubuhi, wa CBE chuo chao kiko pembeni yake, na sisi wengine tunaipita tukienda Maktaba Kuu ya Taifa kutafuta kitabu ambacho pale chuoni wajanja wameshakiazima. Jina tunalitaja kwa madereva wa bajaji bila kufikiri. Lakini muulize mwenzako wa chumba huyo bibi alikuwa nani, utajibiwa kwamba alikuwa mwanamke wa TANU aliyehamasisha wanawake wakati wa kudai uhuru. Nukta. Jibu hilo linatosha kupata maksi mbili za mtihani, ila linaruka swali gumu kuliko yote. Aliwahamasishaje?

Bibi Titi alifariki tarehe 5 Novemba 2000, hospitalini Johannesburg. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulikuwa bado hatujazaliwa, wengine ndio walikuwa wanajifunza kutambaa. Kwa hiyo tumempokea akiwa tayari ni jina la barabara. Naomba tumrudishe kidogo mtaani alikotoka, maana siri ya kazi yake ilikuwa huko.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu, mji ukiwa bado chini ya Mwingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mama yake mkulima. Baba hakutaka binti asome, na hakuwa peke yake. Wazazi wengi wa pwani wakati ule waliogopa kwamba shule ya wazungu ingemtoa mtoto kwenye dini yake. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka shule. Akasoma miaka minne tu, yaani darasa la nne, na hapo elimu ya darasani ikaishia. Akiwa bado binti mdogo akaozeshwa mume aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa ile haikudumu, ikamwachia mtoto mmoja wa kike.

Sasa hapa, ndugu msomaji, wengi wetu tungefunga faili. Msichana wa darasa la nne, ameolewa na kuachika mapema, hana cheti, hana ajira ya serikali. Kwa vigezo tunavyofundishwa kuvitumia, mtu huyu ni wa kuhamasishwa, si wa kuhamasisha. Atahitaji semina, mradi na afisa maendeleo wa kumwelimisha. Lakini Titi alikuwa na shule nyingine, nayo ilikuwa ngoma.

Alikuwa na sauti. Akawa muimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na akaalikwa kuimba kwenye shughuli na sherehe za Maulidi. Tukisikia ngoma leo tunafikiria burudani ya kukaribishia mgeni rasmi. Dar es Salaam ya miaka ya 1940 na 1950 haikuwa hivyo. Vikundi vya ngoma vya kina mama, vya lelemama na vinginevyo, vilikuwa vyama kamili. Vilikuwa na viongozi, vilikuwa na sare, vilikuwa na michango. Mwanachama akipata msiba, wenzake wanafika. Akiozesha, wanafika pia, na hawaji mikono mitupu. Ndani ya kikundi kimoja alikutwa Mzaramo, Mmanyema, Mrufiji na Mmatumbi, na wote waliongea Kiswahili. Mkoloni alikuwa anatuhesabu kwa makabila, kumbe wanawake wa Kariakoo na Ilala walishaanza kukaa pamoja bila kuomba kibali cha mtu.

Mwanamke aliyekulia katika kikundi kama hicho alijifunza mambo ambayo sisi tunayasoma kwa kozi ya mwaka mzima. Alijua kuongoza kikao, kutunza pesa za watu, kupatanisha waliogombana, na kusimama mbele ya umati bila kutetemeka.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mume wa Titi wa wakati huo, Boi Selemani, alikuwa dereva wa teksi, na alijiunga mapema kabisa. Kadi yake ilikuwa namba 15. Ya mkewe ikawa namba 16. Ukiitazama namba hiyo unaona kwamba mama huyu hakupanda gari lililokwisha jaa. Alipanda kukiwa na viti vitupu, kabla mtu yeyote hajajua kama safari ingefika.

Na viti vilikuwa vitupu kwa sababu. Kabla hata TANU haijaanzishwa, mwaka 1953, serikali ya kikoloni ilishatoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujihusisha na siasa. Hebu fikiria maana yake. Waafrika wengi waliosoma, makarani, walimu wa serikali na maofisa wadogo, walikuwa wameajiriwa na serikali hiyohiyo. Kujiunga na TANU ilikuwa kuhatarisha kazi, na pamoja na kazi mshahara, nyumba na ada za watoto. Nyerere mwenyewe, aliyekuwa mwalimu Pugu, mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya chaki na chama, akaacha kazi. Wangapi wangeweza kufanya hivyo? Wachache sana, na sidhani kama sisi wenye kulia bumu likichelewa wiki mbili tuna haki ya kuwacheka.

Lakini waraka ule haukuwagusa kina mama wa mitaani. Mwanamke anayeuza maandazi, anayepika pombe, anayepangisha vyumba viwili vya nyumba yake, angefukuzwa kazi na nani? Hakuwa na bosi wa kumtisha. Serikali ilifunga mlango wa ofisini ikasahau kwamba upande wa uani kulikuwa wazi.

Chama chenyewe, tuseme ukweli, nacho hakikuuona uani haraka. Mwaka 1955 alikuja Dar es Salaam mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Viongozi wakajikuta hawana jibu la kuridhisha, ndipo wakatafuta haraka mwanamke wa kumwonyesha. Titi akaitwa. Muda mfupi baadaye akawa kiongozi wa sehemu ya wanawake ya chama, akiwa na wenzake, miongoni mwao Bibi Tatu binti Mzee. Inafurahisha na inauma kidogo kwamba ilibidi mgeni aulize. Ila aliyepewa nafasi kwa kuziba pengo aliigeuza kuwa kazi ambayo wanaume wa chama hawakuwa wameiwaza.

Turudi kwenye lile swali letu, aliwahamasishaje? Hakuanza kwa kuita mkutano wa hadhara akasubiri watu waje. Alianza kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Aliwajua kwa majina, alishaimba nao na kushindana nao. Akakaa nao, akawaeleza TANU ni nini na uhuru ni nini. Kila kiongozi akarudi kwa watu wake. Mwanachama wa kikundi hakuambiwa habari hiyo na mgeni mwenye karatasi, bali na mtu aliyemzikia mama yake. Ndani ya miezi kama mitatu ya mwaka 1955, wanawake wapatao 5,000 wakawa na kadi za TANU. Hawakuwa na simu wala redio ya chama, na gari la matangazo halikuwapo.

Kisha wale wanawake wakaanza kazi. Waliuza kadi. Walichanga pesa. Nyumba zao zikawa mahali pa vikao na pa kufikia wageni wa chama kutoka mikoani, na wao ndio waliopika. Mkutano wa Mnazi Mmoja ukitangazwa, ni wao waliopita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu, na ni wao waliofika mapema na kuimba mpaka uwanja ukachangamka. Kiongozi akipanda jukwaani anakuta watu wameshapata joto. Picha za mikutano ile huwa zinamwonyesha aliyeshika kipaza sauti, lakini umati uliomzunguka kuna watu waliutafuta.

Titi naye akapanda jukwaani. Alizunguka nchi nzima kukitangaza chama, mara nyingine akiwa na Nyerere, akizungumza Kiswahili cha mtaani ambacho hakikuhitaji mkalimani wala kamusi. Kwa mwanamke wa pwani wa kizazi chake, kusafiri hivyo na kusimama mbele ya maelfu ya watu lilikuwa jambo la kusemwa vibarazani, na bila shaka alisemwa. Hakurudi nyuma. Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, wapo wanahistoria wanaosema kwamba baada ya Nyerere ni vigumu kutaja kiongozi mwingine aliyekuwa akijulikana kila kona ya nchi kama Bibi Titi.

Kuna jambo moja linalotuhusu moja kwa moja sisi wa vyuo vikuu. Oktoba 1961, Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam na wanafunzi wachache wa sheria, hakikuwa Mlimani. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kuhamia Mlimani mwaka 1964. Elimu ya juu ya nchi hii ilipata paa lake la kwanza kwa chama kilichosimama kwa kadi na michango ya watu ambao wengi wao hawakumaliza hata shule ya msingi. Tukijiita wasomi, tukumbuke tumepangishwa na nani.

Mwaka jana nikiwa TP, nilifundisha mada ya kudai uhuru katika shule moja ya kata. Nilipofika kwa Bibi Titi na kina mama wa TANU, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza kama wale kina mama walikuwa wanalipwa. Darasa likacheka, lakini mimi niliona ni swali la maana kuliko yote niliyoulizwa TP nzima. Mtoto yule anaishi katika nchi ambayo watu huuliza kwanza kama kuna posho ndipo waulize mkutano unahusu nini. Nilimjibu kwamba hapana, hawakulipwa, wao ndio waliolipa. Akanyamaza kidogo, halafu akaandika.

Baada ya uhuru Bibi Titi alishika nafasi kubwa. Alikuwa mbunge wa Rufiji, alipewa nafasi ya waziri mdogo serikalini, na mwaka 1962 Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulipoundwa, yeye akawa mwenyekiti. Mwaka huohuo wanawake wa Afrika walikutana Dar es Salaam, na kumbukumbu ya mkutano ule ndiyo tunayoiadhimisha kila tarehe 31 Julai kama Siku ya Mwanamke wa Afrika. Kama habari ingeishia hapa, ingekuwa rahisi kuifundisha. Haikuishia hapa.

Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji, akapoteza ubunge. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lililokataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU.

Kwenye semina zetu huwa tunapapita hapa haraka, tukisema alishindwa na ujamaa, akachagua mali. Mimi naona tusimhukumu kwa haraka hiyo. Kwa mwanamke wa Dar es Salaam wa kizazi chake, asiye na cheti wala pensheni, nyumba ya vyumba kadhaa ilikuwa ndiyo bima ya uzee. Mume anaweza kuondoka, cheo kinaweza kuondoka, nyumba haiondoki. Wanawake wengi waliojiunga TANU mwaka 1955 walikuwa na uhuru wa kujiunga kwa sababu hiyohiyo, walikuwa na chumba cha kupangisha na hawakumtegemea mwajiri. Upande wa pili nao una hoja. Viongozi wangeachwa wajilimbikizie, wananchi waliotoa jasho wangeishia kuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Unaweza kuamini Azimio lilikuwa sahihi, kama ninavyoamini mimi, na bado ukaelewa kwa nini mama yule alisema hapana. Tena aliisema waziwazi na akaachia kiti chake, badala ya kuandika nyumba kwa jina la shemeji.

Oktoba 1969 alikamatwa. Yeye, Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi, na wengine, walishtakiwa kwa uhaini, kwamba walikula njama ya kuipindua serikali. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini Tanzania. Yeye alikana siku zote. Mahakama ilimwona ana hatia, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere, yuleyule aliyezunguka naye nchi nzima, akamsamehe, akatoka.

Alitoka kwenye nini na kuingia kwenye nini? Aliingia kwenye kimya. Ni kimya ambacho hakihitaji sheria. Watu wanaacha tu kukutaja. Waliokuwa wakigombea kukaa karibu nawe kwenye picha wanapita upande mwingine wa barabara. Kwa miaka mingi mwanamke aliyejulikana nchi nzima aliishi Dar es Salaam kama vile hakuwahi kuwa mtu. Watoto walifundishwa kudai uhuru bila yeye.

Mwaka 1984 mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, alikaa naye na kumsikiliza, akasikiliza na kina mama wengine wa TANU. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997, na mengi tunayoyajua leo kuhusu wanawake wale yamepitia humo. Nalisema hili bila wivu kwa mgeni, maana alifanya kazi nzuri. Ila kuna swali kwetu. Kina mama wale walikuwa mitaani kwetu, walizungumza lugha yetu, na vyuo tulikuwa navyo. Mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, Bibi Titi alitajwa tena hadharani kama shujaa. Alikuwa na miaka 65. Alipata bahati ya kuyasikia hayo kwa masikio yake mwenyewe, lakini wenzake wengi wa ngoma walishatangulia.

Kwa hiyo tunamkumbukaje? Kuna njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kumfanya malaika, tukaificha kesi na ugomvi wa nyumba. Ya pili ni kumfanya msaliti, tukaficha kadi namba 16. Zote mbili zinatunyima mtu mzima aliyekuwa na ujasiri, msimamo na maslahi yake, aliyeipenda nchi na kugombana nayo. Wanafunzi wetu wanajua watu wa namna hiyo, wanaishi nao nyumbani. Tukiwaletea malaika darasani hawatamwamini.

Na sisi wana wa serikali za wanafunzi tuna la kuchukua pia. Kila mwaka viongozi wetu wanabandika tangazo la baraza, wanatuma ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp, halafu ukumbi unakuwa nusu mtupu na lawama zinaanza kwamba wanafunzi wa siku hizi hawajitambui. Bibi Titi angeuliza mnamjua nani. Nani kiongozi wa kwaya, nani wa jumuiya ya msikitini, nani mwenye timu ya mpira ya hosteli, nani anakusanya michango ya msiba darasani mkifiwa? Umekwenda kukaa naye? Ulimzikia? Watu chuoni tayari wako pamoja, wamejipanga katika vikundi vyao, ila hawajapangwa na wewe. Anayewadharau kwa sababu ni wa kwaya au wa mpira anarudia kosa la mkoloni, la kufunga mlango wa ofisini na kusahau uani.

Sisi wa ualimu tuna kazi ya ziada. Kila mmoja wetu atapangiwa shule, Mungu akijalia ajira zitoke, na kila kijiji au mtaa tutakaokwenda una bibi aliyekusanya kina mama wakajenga zahanati, akapigania kisima, au akawatoa wasichana kwenye ndoa za utotoni. Hana barabara yenye jina lake. Wape wanafunzi kazi ya kwenda kumsikiliza na kuandika jina lake kamili, kikundi chake na mwaka alioanza. Waulize pia alikosana na nani na kwa nini. Wasisubiri mtu kutoka mbali aje na kinasa sauti, wala wasisubiri afe ndipo aitwe shujaa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi, pamoja na wale 5,000 ambao majina yao hatukuyaandika.